Dera: vazi laini lenye jina la chuma

Mwaka jana nilikuwa naandika sura ya tasnifu yangu inayohusu majina ya mavazi ya wanawake wa pwani. Neno dera lilitokea humo kama mara kumi na mbili hivi. Rasimu iliporudi kutoka kwa msomaji wake wa kwanza, kila dera lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Neno la mtaani. Tafuta la sanifu."

Nilijaribu kutii. Nikaandika "gauni pana la kike la kuvalia nyumbani". Maneno saba kwa vazi moja, na hilo la kwanza, gauni, tumelitoa kwa Waingereza. Nikampigia simu mamangu Mombasa, nikamwuliza dera kwa Kiswahili safi huitwaje. Akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa maji huitwaje.

"Dera huitwa dera," akasema. "Na huyo anayekuuliza, mkewe analo."

Basi makala haya ni majibu yangu kwa wino ule. Nilianza nikitaka tu kujua neno limetoka wapi. Sikutarajia kwamba njiani ningekutana na mashati ya vita, kamusi ya karne ya 13 na vyumba vya gesti jijini Nairobi.

Tunazungumzia nini hasa?

Kwa msomaji wa bara ambaye hajawahi kulivaa: dera ni vazi refu la kike, pana, linalovaliwa kwa kuingizia kichwani na kuteremka hadi miguuni. Ushonaji wake ni rahisi mno. Kitambaa kipana hukunjwa katikati, hutobolewa tundu la shingo, kisha hushonwa pande mbili na kuachwa nafasi za mikono. Halina zipu wala vifungo vya lazima, na mara nyingi halina saizi. Mwembamba analivaa, mnene analivaa, na mja mzito atalivaa tangu mwezi wa kwanza hadi wa tisa bila kurudi kwa fundi.

Pwani tuna namna yetu ya kugawa nguo: kuna nguo za kutokea na nguo za kushindia. Za kutokea ni zile unazovaa ukienda mahali watu watakuona. Za kushindia ni zile unazoshinda nazo nyumbani, ukipika, ukipeta mchele, ukikaa barazani jua likipungua. Dera tunalolijua sisi lilianza kama nguo ya kushindia. Joto la pwani linalitaka. Ukilivaa, upepo unapita ndani. Mtu akibisha hodi ghafla, unajitupia leso kichwani na uko tayari kumkaribisha.

Kisarufi neno hili limeshatulia zamani. Tunasema dera hili, madera haya, dera langu limechanika. Limeingia katika ngeli yake kama jembe na majembe, wala hakuna anayejiuliza wingi wake. Wako wanaotamka dira badala ya dera. Kumbuka matamshi hayo, tutayahitaji baadaye. Ila tusiyachanganye na ile dira inayoonyesha kaskazini, ambayo ni neno jingine kabisa lenye mzizi wake.

Ndugu wawili waliovaa chuma

Sasa sogea nami hadi kwenye kamusi ya Kiswahili. Tafuta neno dirii. Utaambiwa ni vazi la chuma la kujikinga vitani. Waliokulia kanisani watalikumbuka kutoka Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, pale muumini anapohimizwa kuvaa silaha zote, na dirii ikiwa kifuani. Halafu tafuta deraya. Nalo ni vazi la chuma la vita, na kama unasikiliza taarifa za habari za redio umelisikia mara nyingi: vifaru na magari ya deraya, yaani magari ya kijeshi yaliyofunikwa bamba la chuma risasi isipenye.

Dirii, deraya, dera. Yaweke maneno haya matatu kando kwa kando, uyasome kwa sauti. Mtu yeyote aliyewahi kukaa darasa la isimu atashuku kwamba ni wa ukoo mmoja, na shuku hiyo ni sahihi. Ukoo wenyewe ni mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti tatu: d, r, na ile sauti ya kooni iitwayo ain. Neno la msingi ni dir', na maana yake ya kwanza ambayo watu huitaja ni shati la chuma la vita. Waarabu wa leo hutoa kwenye mzizi huohuo neno mudarraa, lenye maana ya gari la deraya.

Hapa ndipo wengi huishia. Nimeshaisikia hadithi hii ikisimuliwa kwa fahari: eti dera limeitwa hivyo kwa sababu humkinga mwanamke kama ngao, humlinda na macho ya watu, ni silaha yake ya heshima. Ni hadithi tamu, lakini historia ya neno haikwenda hivyo.

Neno moja, nguo mbili

Ukweli ni kwamba Kiarabu chenyewe, tangu zamani, kilikuwa na dir' mbili. Ibn Manzur, aliyekamilisha kamusi yake kubwa Lisan al-Arab mwaka 1290, anaeleza kwamba dir' ya chuma ni vazi la vita, na dir' ya mwanamke ni kanzu yake. Tena anaongeza jambo la kuchekesha la kisarufi. Kiarabu hugawa nomino zake katika jinsia mbili, ya kike na ya kiume. Dir' ya chuma, inayovaliwa na askari, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kike. Dir' ya kitambaa, inayovaliwa na mwanamke, ni ya kiume!

Maana zote mbili zinaonekana pia katika hadithi za Mtume, ambazo ni za kale kuliko kamusi hiyo. Kuna hadithi mashuhuri inayosema kwamba Mtume alifariki dirii yake ikiwa imewekwa rehani kwa shayiri. Hiyo ni ya chuma. Na katika Muwatta, kitabu cha Imamu Malik aliyefariki mwaka 795, Umm Salama anaulizwa mwanamke aswali na nguo gani, naye anataja mtandio wa kichwa na dir' ndefu inayofunika miguu. Hiyo ni ya kitambaa. Kwa hiyo mtu wa karne ya 8 aliweza kulitumia neno hili kwa askari na kwa mama aliye nyumbani kwake, na kila mmoja akaelewa.

Lakini imekuwaje chuma na kitambaa vikagawana jina? Tatizo ni picha tuliyo nayo kichwani. Ukisikia "vazi la chuma" huenda unawaza yale mabamba ya Ulaya yanayoonekana kwenye filamu, mtu amefungwa ndani kama sardini kwenye mkebe. Dir' haikuwa hivyo. Ilikuwa imefumwa kwa pete ndogondogo za chuma, maelfu yake, na kwa kawaida kila pete imeshikana na nyingine nne. Matokeo yake ni kitu kinacholegea na kuning'inia mwilini kama kitambaa. Iliweza kufika kilo 10 na ushee, lakini umbo lake lilikuwa la kanzu: tundu la shingo, mikono miwili, mwili mpana. Na ilivaliwa vilevile dera linavyovaliwa, kwa kuinua mikono na kuingiza kichwa.

Kwa hiyo kilichounganisha nguo hizi mbili ni umbo na namna ya kuvaa. Ulinzi si lazima uwemo. Kiarabu kina hata kitenzi cha mzizi huu chenye maana ya kujivika dir', na Waarabu walikitumia pia kwa msafiri anayeingia gizani, kana kwamba ameuvaa usiku. Hakuna chuma hapo, wala hakuna kitambaa. Kuna wazo la kuingia ndani ya kitu kikakufunika mzimamzima.

Mzizi huu umezaa watoto wengine pia. Katika enzi za Waabasi, makatibu wa serikali na mawaziri walijulikana kwa joho lililoitwa durraa. Huko Mauritania na Sahara Magharibi, darraa ni joho pana la wanaume, mara nyingi jeupe au la buluu. Ukivuka hadi Kuwait, darraa ni vazi refu pana la wanawake, la kuvaa nyumbani na kwenye mikusanyiko ya usiku wa Ramadhani. Ukimchukua mwanamke wa Kuwait aliyevaa darraa lake ukamketisha kwenye baraza la Mji wa Kale, Mombasa, wataelewana kwa macho kabla ya kusalimiana.

Je, tumelitoa Kuwait basi?

Hapana. Na hapa ndipo moyo wa makala haya ulipo.

Sisi watu wa Kiswahili tuna mazoea. Tukiona neno lina sura ya Kiarabu, tunaandika "Kar." pembeni yake na kufunga daftari. Mara nyingi tunapatia. Lakini neno linaweza kuwa na babu Mwarabu na bado likawa limeletwa kwetu na mtu mwingine kabisa. Kumjua babu hakutoshi. Lazima tumuulize aliyelibeba.

Tuangalie sauti. Kiswahili kinapochukua neno la Kiarabu linaloishia na ain, sauti ile ya kooni huanguka, na nafasi yake mara nyingi hujazwa na irabu inayofanana na iliyotangulia. Tamaa inatokana na tama', jamii na jami', robo na rub'. Na dir' imetoa nini? Dirii, kama kanuni inavyotaka: i ya kwanza imevutia i za mwisho. Kama dera nalo lingetoka moja kwa moja kwenye dir', tungetazamia liishie na i. Hiyo a ya mwisho imetoka wapi?

Imetoka Somalia. Kwa Kisomali vazi hili huandikwa dirac. Usilisome "dirak" wala "dirachi". Kisomali kilipopata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, herufi c ilipewa kazi ya kuwakilisha ain. Ndiyo maana Msomali aitwaye Ali huandika jina lake Cali, na Asha huandika Caasha. Kwa hiyo dirac husomwa dira, kisha ain kooni. Kisomali kilitia a kati ya r na ain ili neno litamkike vizuri. Mswahili alipolisikia, aliiangusha ain kama kawaida yake, akabaki na dira. Wengine wameishia hapo. Wengine wakaishusha i ikawa e, jambo tunalolijua kwenye elimu, ambayo kwa Kiarabu ni ilm. Ndilo hilo dera.

Nitakuwa mkweli: irabu peke yake haitoshi kufunga kesi. Deraya nayo ina e na a zake, na haikungoja mfanyabiashara yeyote wa nguo. Ndiyo maana kwenye utafiti wa maneno tunafuata pia vitu na watu. Neno la nguo husafiri na nguo, na nguo huletwa na mtu mwenye mzigo.

Gesti iliyogeuka soko

Wasomali wamekuwa Kenya tangu kabla ya mipaka kuchorwa, na wengine waliishi Nairobi na miji ya pwani katika enzi zote za ukoloni. Lakini Januari 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa, vita vikasambaa, na watu wengi wakakimbilia Kenya. Baadhi walifika Mombasa kwa njia ya bahari, wakiwemo watu wa Barawa, ambao lugha yao, Chimiini, ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Wengi wengine walijikuta Eastleigh, Nairobi.

Huko Eastleigh kulikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi waliopanga vyumba humo walianza kuuza bidhaa vyumbani mwao. Mchana chumba ni duka, usiku ni malazi. Biashara ikakua hadi gesti ikageuka jengo la maduka, na mengine mengi yakafuata mfano wake hadi Eastleigh ikawa soko la nguo ambalo wachuuzi wa miji mingi hulitegemea. Sehemu kubwa ya mizigo ilipitia Dubai. Na waliosimama nyuma ya meza nyingi za nguo walikuwa wanawake: waliopoteza nyumba na nchi, wakaanza upya na marobota machache.

Madera yalisambaa kwenye mikondo hiyo ya biashara, bara na pwani, hadi yakafika kila mahali. Leo yanauzwa Kariakoo na Barabara ya Biashara ya Mombasa, na mgeni wa Nairobi anayeshuka pwani kwa likizo hununua dera siku ya kwanza kama vile ni tiketi ya kuingilia baharini.

Ndiyo maana lile jibu la "ni Kiarabu" linanikera kidogo. Si uongo, ila linamruka mtu. Linatoka Bara Arabu ya kale hadi Mombasa ya leo bila kumwona mama wa Kisomali aliyekaa katikati, ambaye ndiye aliyelibeba neno pamoja na robota. Katika nchi ambayo Msomali huambiwa mara nyingi aonyeshe kitambulisho ili athibitishe kwamba yuko kwao, kumwandika kwenye historia ya neno tunalolivaa kila siku si jambo dogo.

Lilitoka harusini, likaingia jikoni

Kuna jambo moja la mwisho ambalo lilinishangaza kuliko yote. Mwanamke wa Kisomali akisema dirac, kwa kawaida hamaanishi nguo ya kushindia! Dirac ni vazi la sherehe: kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani, chenye rangi na nakshi, linalovaliwa juu ya sketi ya ndani iitwayo gorgorad na kusindikizwa na garbasaar, mtandio wa mabegani. Ni nguo ya harusi na Idi. Ile nguo pana ya pamba ya kushindia nyumbani, ambayo sisi tungeiita dera bila kusita, wao huiita baati.

Yaani tulichukua jina la nguo ya kutokea tukalivika nguo ya kushindia. Si ajabu. Mnunuzi aliona mavazi mawili yenye umbo moja kwenye meza moja, akasikia jina moja, likamtosha. Maneno ya kuazima hufanya hivi mara nyingi: mkopaji hachukui kabati zima, huchukua alichokiona.

Na safari haikuishia hapo. Miaka ya karibuni dera la Waswahili nalo limeanza kutoka nje. Kuna madera ya harusi, ya sare, yaliyotiwa mawe kifuani, ya bei ambayo huwezi kuyapikia samaki. Bila kumwuliza mtu, neno limeanza kurudi kule lilikokuwa Usomalini. Papo hapo, wapo wanaolidharau: mwanamke akitoka na dera la pamba huambiwa amejiachia, hajijali. Wanaosema hivyo wengi ni watu ambao hawajawahi kupika kwa mkaa saa saba mchana mwezi wa Februari.

Nilivyomjibu mwenye wino

Nilirudisha dera zote kumi na mbili mahali pake. Chini ya ukurasa nilieleza asili yake kama nilivyoieleza hapa, kwa ufupi zaidi: mzizi wa Kiarabu, mlango wa Kisomali, maana ya Kiswahili. Sikutetea neno kwa sababu ni la kale. Maneno mengi ya kale yamekufa, na mengi mapya yanatufaa. Nililitetea kwa sababu lina maana yake ambayo hakuna neno jingine la Kiswahili linaloibeba, lina wingi wake, lina mamilioni ya wasemaji wanaoelewana nalo, na lina historia inayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. Kama hilo ni neno la mtaani, basi mtaa umefanya kazi yake vizuri. Alama ya wino mwekundu haikurudi.

Nilimsimulia mamangu habari zote hizi likizo ya Desemba. Alikuwa ameketi uani anakunja nguo zilizokauka, amevaa dera la maua ya zambarau. Nikamwambia kwamba jina la vazi lake ni jina la shati la chuma la askari wa kale. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akainua dera moja kutoka kwenye rundo, akanionyesha tundu la kwapani.

"Chuma gani hiki," akauliza, "kinachotatuka kwa kufuliwa mara tatu?"